Maisha ya Edward Steere, Mlezi wa Watoto Waliotoka Utumwani

Mwanachuo anayepelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika mtaa wa Mtanda, mjini Lindi, hukabidhiwa darasa la watoto asiowajua. Wengi wao huitika upesi, huimba kwa sauti, na hushindana kunyosha mikono. Lakini aghalabu yumo mmoja au wawili asiyejibu akiulizwa, anayejikunyata mwalimu anapopita karibu, au anayeficha kipande cha muhogo mfukoni ilhali wenzake wanakula. Mwalimu asiye na uzoefu humwita mtoto huyo mzito wa akili, au mkaidi. Sisi tulio katika kazi ya kuwaandaa walimu twajua kwamba jina hilo, likisha kumkaa mtoto, humharibia masomo kwa miaka mingi.

Kwa hiyo tumeona vema kusimulia hapa maisha ya mtu aliyewahi kukabidhiwa watoto wa namna hiyo, nyumba nzima, wala hapakuwa na kitabu cha malezi kilichoandikwa kwa ajili yao. Mtu huyo ni Edward Steere. Kila asomaye Kiswahili amepata kumsikia kama mwandishi wa sarufi na mkusanyaji wa hadithi. Sisi twataka kumtazama kama mlezi. Hatukusudii kumpamba kwa sifa tupu. Yapo waliyokosea yeye na wenzake, nayo tutayataja, kwa kuwa mwalimu hujifunza katika makosa kama ajifunzavyo katika mafanikio.

Bandari za kusini

Ghuba ya Lindi, ambamo mto Lukuledi humwaga maji yake, ilikuwa bandari ya misafara tangu zamani. Kaskazini yake ipo Kilwa Kivinje, ambayo katika karne ya 19 ilikuwa bandari kubwa kupita zote za mwambao huu katika biashara ya watumwa. Misafara ilitoka nchi za Wayao na za kandokando ya Ziwa Nyasa, ikashuka pwani na pembe za ndovu pamoja na watu, kisha watu hao wakapakiwa majahazini kupelekwa Unguja.

Miongoni mwa watu hao watoto walikuwa wengi. Mtoto hana nguvu ya kupigana, hajui njia ya kurudia kwao, na hufundishika upesi kazi za nyumbani. Kwa sababu hizo alipata wanunuzi. Wengine walitekwa vitani. Wengine walichukuliwa mwaka wa njaa, mzazi aliposhindwa kulipa deni la nafaka. Kabla ya kufika pwani mtoto mmoja aliweza kupita katika mikono ya mabwana wengi, na kila bwana akawa na lugha yake na jina lake la kumwita.

Ndugu mwanachuo, litafakari jambo hili. Kovu la mguuni laonekana, na njaa huonekana katika mbavu. Lakini mtoto huyu alikuwa amepotewa pia na watu wote waliofahamu maneno yake. Akilia, hakuna ajuaye anamlilia nani. Akiamriwa, hajui ameambiwa nini, nasi twajua malipo ya asiyetii amri ya bwana wake. Kunyamaza kukawa ndiyo kinga yake ya pekee.

Ujana wake na kosa la kwanza

Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria katika chuo kikuu cha mji huo akapata shahada zake, na mwaka 1850 akawa wakili. Baadaye aliiacha kazi hiyo akawa kasisi wa Kanisa la Kiingereza, akatumikia watu wa mashambani katika jimbo la Lincolnshire. Huko alifanya urafiki na kasisi mwingine, William Tozer. Mwaka 1863 Tozer alifanywa askofu wa Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyokuwa imeanza kazi katika bonde la mto Shire, nayo nchi hiyo leo ni sehemu ya Malawi. Steere akafuatana naye.

Misheni hiyo ilikuwa imepatwa na maafa. Mwaka 1861 Askofu Mackenzie na David Livingstone walikuwa wamewafungua watumwa njiani, wakiwamo watoto, na watu hao wakawekwa chini ya ulinzi wa misheni. Kisha vita, njaa na homa vikaingia, na Mackenzie mwenyewe akafariki mwaka 1862. Tozer alipofika aliona kazi haiwezekani mahali pale, naye hakuwa tayari kuendelea kuwatunza wanawake na watoto wale. Mwenzao mmoja, Horace Waller, alilipinga shauri hilo akajiuzulu, akaendelea kuwaangalia yeye mwenyewe, na Livingstone akasaidia kuwaondoa. Tozer na Steere wakaondoka zao.

Twalitaja jambo hili mapema kwa makusudi. Watoto wale walikuwa wamekwisha okolewa. Minyororo ilikuwa imekatwa, na walioikata walisifiwa Ulaya. Hata hivyo haukupita muda mrefu ikaonekana kuwa hakuna aliyekuwa amekadiria ni nani atakayewalisha mwaka wa pili na wa tatu, na nani atakayewafunza. Kumwokoa mtoto ni kazi ya siku moja. Kumlea ni kazi ya miaka, na asiyeihesabu miaka hiyo tangu mwanzo huja kumwacha mtoto katikati ya njia.

Katika watoto wale waliofunguliwa mwaka 1861 alikuwamo mvulana wa Kiyao aitwaye Chuma. Tafadhali mshike jina hilo, kwani tutakutana naye tena.

Watoto 5 wa Unguja

Mwishoni mwa Agosti 1864 Tozer na Steere walifika Unguja. Kabla hawajakaa sana, Sultani Majid aliwakabidhi wavulana 5 waliokuwa watumwa. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza wa misheni hiyo Unguja. Baadaye manowari za Waingereza zilizokuwa zikiwinda majahazi ya watumwa zilileta watoto wengine, wavulana kwa wasichana, na nyumba ikajaa.

Walimu hawa wapya hawakujua Kiswahili, na watoto nao walikijua kidogo sana, maana walikuwa wametoka bara katika makabila mbalimbali. Tena ilikuwa imeenea hofu miongoni mwa watumwa kwamba Wazungu hula watu. Twaweza kuwaza jinsi mtoto wa namna hiyo alivyolitazama sahani la chakula aliloandaliwa na mgeni.

Hapa Steere alichagua njia ambayo mwalimu yeyote wa leo yafaa aijue. Hakuanza kwa kuwalazimisha watoto kujifunza Kiingereza, bali alianza yeye mwenyewe kujifunza Kiswahili. Alikaa na wenyeji wa Unguja, wasomi na watu wa kazi, akauliza jina la kila kitu, akaandika, akasahihishwa, akaandika tena. Mwaka 1870 alitoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili, na mwaka huohuo mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja, zikiwamo ya Sultani Darai na ya Punda wa Dobi, ambazo watoto wa pwani wangali wakizisikia.

Isidhaniwe kwamba Steere ndiye aliyekipa Kiswahili heshima ya maandishi. Wenyeji wa mwambao walikuwa wakikiandika kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa, watoto wa Kilwa na Lindi walikuwa na vyuo vyao vya Korani, na Ludwig Krapf alikuwa amekwisha andika sarufi yake huko Mombasa kabla yake. Sifa ya Steere ni nyingine. Alipata chombo cha kuchapia, akawafundisha wavulana wake kazi ya kupanga herufi na kupiga chapa, na kwa mikono yao vikatoka vitabu vidogo vya Kiswahili vya kusomea. Mtoto ambaye jana alihesabiwa kama shehena ya jahazi, leo alishika karatasi yenye maneno anayoyafahamu, aliyoyapanga kwa vidole vyake mwenyewe.

Wala hakuridhika na Kiswahili peke yake. Mwaka 1871 alitoa kijitabu cha maneno ya Kiyao, na mwaka 1876 cha Kimakonde. Kile cha Kiyao kilitoka miaka 4 kabla hajakanyaga nchi ya Mataka, mfalme wa Wayao. Alikuwa ametambua kwamba Kiswahili nacho kilikuwa lugha ya pili kwa watoto wake.

Kiungani na Mbweni

Misheni ilijenga shule ya wavulana Kiungani, nje kidogo ya mji wa Unguja, na shule ya wasichana ikawekwa Mbweni, ambako pia watu wazima walioachwa huru walipewa mashamba ya kulima. Mwaka 1877 alifika Mbweni mwalimu Caroline Thackeray, akaishi Unguja hadi alipofariki mwaka 1926. Tumemtaja ili tukumbuke kwamba mtoto aliyepoteza kila mtu huhitaji zaidi ya yote mlezi asiyeondoka.

Katika shule hizo watoto walisoma kwa Kiswahili kwanza. Kadhalika walifanya kazi za mikono: uchapaji, useremala, ukulima, ushonaji na upishi. Sisi wa nchi hii tuliofunzwa Elimu ya Kujitegemea tangu mwaka 1967 hatutaona ugeni katika jambo hili, ingawa makusudi yao na yetu hayakuwa mamoja. Kwa mtoto aliyefanyishwa kazi kwa fimbo, kazi yenye fundi wa kumwelekeza na matunda ya kuonekana ilikuwa dawa. Ilimrudishia imani kwamba mikono yake ni mali yake.

Matunda hayakukawia. John Swedi, mmoja wa wale wavulana 5 wa mwaka 1864, alifanywa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyechukuliwa utumwani angali mtoto na kusomeshwa Kiungani, alipata upadre mwaka 1890, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa misheni hiyo, akafanya kazi Chitangali, katika bara ya Lindi. Yeye aliyeshushwa pwani kama bidhaa alirudi kusini akiwa mwalimu wa watu.

Safari za Lindi

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kuyafunga masoko ya watumwa. Siku ya Krismasi mwaka huohuo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watu. Steere mwenyewe alisimamia ujenzi. Mwaka 1874 akafanywa askofu badala ya Tozer, ambaye afya yake ilikuwa imeharibika.

Lakini kufunga soko hakukufunga njia. Mara baada ya mkataba wafanyabiashara walianza kuwapitisha watumwa nchi kavu, kutoka Kilwa kuelekea kaskazini, badala ya majahazini. Mwaka 1876 ikambidi Sultani atoe amri nyingine za kukataza misafara hiyo.

Steere aliona kwamba kungojea watoto pwani ni sawa na kukinga maji ukingoni huku chemchemi inabubujika juu. Mwishoni mwa mwaka 1875 alifika Lindi, akapanda bara kwa miguu hadi Mwembe, mji wa Mataka. Kiongozi wa msafara wake alikuwa Chuma, yule mvulana aliyeachwa na misheni huko Shire. Katika miaka iliyopita Chuma alikuwa amezunguka na Livingstone, na alipofariki bwana huyo mwaka 1873, yeye na Susi na wenzao waliibeba maiti yake hadi pwani. Sasa alimwongoza askofu katika nchi ya Wayao, akimsemea mbele ya wakuu. Mtoto ambaye watu wazima walimwona mzigo usiobebeka ndiye aliyekuwa macho na ulimi wa msafara. Hatuna haja ya kulitilia chumvi jambo hili, lajisemea.

Mwezi Oktoba 1876 Steere aliondoka Unguja mara ya pili kupitia Lindi, safari hii akiwa na watu zaidi ya 50, wake kwa waume, waliokuwa watumwa zamani na waliotaka kurudi upande wa kwao. Alikusudia kuwafikisha Mwembe, lakini walipofika Masasi watu wake walipendezwa na ardhi na maji ya mahali pale, naye akakubali wabaki. Ndivyo kilivyoanza kijiji cha misheni cha Masasi.

Steere alirudi Unguja kumalizia kanisa na tafsiri zake. Alifariki huko mwezi Agosti 1882, akiwa na umri wa miaka 54, akazikwa katika kanisa la Mkunazini. Chuma naye alifariki Unguja mwaka huohuo.

Majuma machache baada ya kifo cha Steere, Wangoni walishambulia Masasi. Baadhi ya watu waliuawa, na wengine waliotolewa utumwani zamani wakachukuliwa mateka tena. Mmisheni mmoja, Porter, alifunga safari hadi kwa Wangoni kuwaomba, na baadhi yao wakarudi. Habari hii yatuonyesha kwamba ulinzi wa mtu dhaifu hauna siku ya kusema umekwisha.

Tuyapime matendo yake

Yatupasa kuwa waadilifu katika kupima. Watoto wale walipewa majina ya kigeni juu ya majina yao. Walilelewa katika dini ambayo wazazi wao hawakuulizwa, na hata wao wenyewe hawakuwa na umri wa kuchagua. Walipangiwa makao na kazi na watu waliodhani kwamba wanajua yote yawafaayo. Wapo waliobaki kama wageni huku na huku: pwani hawakuwa wenyeji, na bara walikuwa wamesahaulika. Tena taifa lililokamata majahazi ya watumwa lilikuja baadaye kutawala nchi za watu. Mwalimu wa leo asiyafumbie macho mambo hayo, wala asidhani kwamba yeye hawezi kuyafanya. Kila tunapoamua jambo juu ya mtoto pasipo kumsikiliza, tumo katika kosa lilelile.

Hata hivyo, tukiweka kando tofauti za nyakati na za imani, yabaki mambo yanayotufaa katika darasa la kwanza la Mtanda au la mahali pengine popote.

Kwanza, mwalimu ajifunze maneno ya mtoto kabla ya kumdai maneno yake. Wapo watoto wa kusini wanaokuja shuleni na Kimwera, Kimakonde au Kiyao, na Kiswahili sanifu bado ni safari kwao. Asiyejibu huenda hajaelewa swali. Mwalimu anayejua salamu na majina ya vitu katika lugha ya nyumbani amekwisha funga nusu ya daraja.

Pili, mwalimu alijue jina ambalo mtoto huitwa na mama yake, na amwite hilo. Kumpa jina la dhihaka kwa sababu ya udogo wake, umaskini wake au kilema chake ni kumvua kitu ambacho hata umaskini haukumvua.

Tatu, mwili kwanza. Mtoto mwenye njaa, mwenye homa au aliyekosa usingizi hafundishiki. Mwalimu ahesabu hayo kuwa sehemu ya maandalio ya somo.

Nne, hofu haiondolewi kwa fimbo. Mtoto aliyezoea kupigwa hutii upesi, na mwalimu hudhani amefaulu. Kumbe amepata ukimya tu. Umleavyo ndivyo akuavyo; aliyelelewa kwa hofu hujifunza kutisha wengine.

Tano, mwalimu asinyamaze. Zamani za Steere mlinzi wa mtoto alikuwa na huruma yake tu. Leo tunazo sheria. Tanzania iliuridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamtaka kila mwanajamii anayeona haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mahali hapo. Mtoto anayefanyishwa kazi ya kumwumiza, anayeingiliwa kimwili, au anayetaka kuozwa, ana haki ya kusemewa, na aghalabu mwalimu ndiye mtu mzima wa kwanza nje ya nyumba yao anayeweza kuona dalili. Amweleze mwalimu mkuu na afisa wa ustawi wa jamii, aiweke siri ya mtoto mbali na midomo ya mtaani, na asiache kufuatilia baada ya siku moja.

Hapo ndipo turudipo kwa Chuma na wenzake wa Shire. Walioifungua minyororo yao walikuwa watu wema. Walichokosa ni hesabu ya kesho. Tunawasihi wanachuo wanaokwenda mazoezini wachague mtoto mmoja katika darasa lao, yule asiyenyosha mkono, na waandike daftarini kwa muda wote wa mazoezi: anaitwaje kwao, anazungumza lugha gani, amekula nini, anacheza na nani, na nini humfurahisha. Siku ya kuondoka wamkabidhi mwalimu wa darasa daftari hilo kwa mkono, ili mtoto huyo asiachwe katikati ya njia.